Gemu nimelinunua kwa pesa yangu, wamelizima, wakanipa kuponi

Niseme mapema: gemu lenyewe lilikuwa tamu. Ni la mbio za magari, nililinunua Kariakoo, CD halali kwenye kasha lake, kwa bei ambayo mtu wa kipato changu hailipi bila kujibana. Jina silitaji, wala la kampuni. Kinachoniuma ni walivyonijibu.

Miezi kadhaa iliyopita nimetoka kazini, nikaweka CD kwenye PS4, mashine yangu ya magemu. Nembo ikaja, injini ikanguruma vilevile, nikabonyeza X. Likazunguka weee, mwisho likaandika limeshindwa kuunganishwa na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoliendesha gemu kupitia intaneti. Nikadhani bando limekata. Nikaomba Wi-Fi ya jirani. Wapi! Kumbe seva wameshazizima. Na mimi sichezi na watu mtandaoni, nacheza peke yangu na kompyuta. Gari langu nililolijenga kidogo kidogo, rangi, rimu, injini, lote lilikuwa limehifadhiwa kwao.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja kwa upole wa kukariri: mpendwa mteja, ulichonunua ni leseni ya kutumia, na masharti yanaturuhusu kusitisha huduma. Nikawaambia CD ninayo mkononi. Wakarudia yaleyale. Halafu, hapa ndipo damu ilipochemka, wakanitumia kuponi ya punguzo nikanunue toleo jipya, ambalo nalo halifunguki bila seva! Yaani mtu akubomolee nyumba, kisha akupunguzie bei ya kiwanja cha jirani? Sikuomba punguzo mimi. Niliomba gemu langu.

Wapo watakaosema seva zina gharama. Nakubali, mafundi na umeme si bure, na siwadai waziendeshe milele. Lakini apdeti moja ya mwisho, ya kumfungulia anayecheza peke yake, ingewashinda nini? Kampuni ya Ubisoft walipoizima The Crew, gemu lao la mbio za magari, tarehe 31 Machi 2024, wachezaji walipiga kelele kweli kweli, na mwaka huohuo kampuni ikaahidi kwamba matoleo yaliyofuata, The Crew 2 na Motorfest, yatachezeka bila intaneti. Kwa hiyo inawezekana, ni kutaka tu. Kelele zile ndizo zilizozaa kampeni ya mwana-YouTube Ross Scott, Stop Killing Games (yaani acheni kuua magemu), inayotaka gemu lililouzwa libaki linachezeka, na mwaka 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya zikapita milioni 1. Sisi wa Dar saini yetu haihesabiwi kule. Pesa yetu inahesabiwa vizuri tu.

Kwa hiyo ukienda dukani, kabla hujatoa hela muulize muuzaji: bila intaneti linafunguka? Akianza kubabaika, rudisha kasha lake.

Nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa heshima ya waliolichora. Ile barabara ya milimani, mvua inapiga kioo, taa za gari la mbele zinapotea kwenye kona, mtu alikesha kuitengeneza ile. Lakini nikiikumbuka kuponi, mkono unagoma. Nyota moja, nayo ni ya wachoraji. Toleo jipya sinunui, hata wakiligawa kwa elfu kumi. Ila wakitoa apdeti hiyo hata kesho, nitakuja kufuta maneno haya yote na kuwapa nyota tano, maana gemu lile nalipenda mno.