Kibanda cha kukunja: Miezi mitano nacho ufuoni

Nauza viazi vya karai na sambusa ufuo wa Jomo Kenyatta hapa Mombasa, pale tunapopaita Pirates. Jioni kila mtu huondoka na chake. Miavuli miwili ilishanivunjikia, basi Disemba nikatoa shilingi 32,000 nikanunua kibanda cha kukunja.

Ni bapa moja la plastiki ngumu lenye uwazi ndani kama kadibodi, limepigwa mikunjo ya pembepembe. Likikunjwa halizidi mlango mwembamba. Kwenye tuktuk linaingia, matatu walinikatalia. Muuzaji alinieleza kuwa mikunjo hiyo ni ya jamii ya ile ya Koryo Miura, mhandisi wa Kijapani aliyeibuni mwaka 1970 kwa ajili ya vyombo vya angani. Ukivuta ncha mbili, yote yafunguka kwa pamoja. Hilo ni kweli, dakika mbili nishasimamisha, na mlingoti hakina hata mmoja. Mie ninayefunga njugu kwa gazeti sikushangaa sana: karatasi tupu huanguka, ukiipiga mkunjo inasimama.

Akaongeza kuwa umbo lake limetoka kwa nyumba za wafugaji wanaohamahama. Hapo jirani yangu muuza chai, mama wa Kisomali wa Garissa, alicheka mpaka akaweka birika chini. Nyumba ya kuhama kwao ni aqal: matao ya fito, juu mikeka, na wanaoijenga na kuivunja ni wanawake. Siku ya safari yote hupanda ngamia, mikeka ikawa tandiko. Akagusa ukuta wangu. "Hii yako, dada, imejua kukunjika, kupumua haijui."

Na ndivyo. Ikifika saa saba mchana, ndani ni tanuri. Nimekata madirisha mawili kwa kisu, nikaning'iniza mkeka upande wa jua, afadhali kidogo. Jiko la makaa usithubutu kuliweka karibu. Hilo sikuambiwa, na wiki ya kwanza kona moja ilijikunyata kama dagaa wa kukaanga.

Kaskazi tulielewana. Kusi ilipoanza, asubuhi moja nilikuwa nachambua dania, nikasikia "pwaa!" Kibanda kikaondoka kama kishada, mie nyuma yake leso mkononi, kikaenda kutua miguuni mwa ngamia wa kupandisha watalii. Yule mama akapaza sauti: "Kiache, kimefika kwao!" Tangu siku hiyo nakifunga kwa magaloni manne ya maji, lita 20 kila moja.

Kwa mvua sina lawama, masika yote sambusa zangu hazikulowa. Anayeuza mabuyu au nguo, asiye na moto, angekifurahia kuliko mie. Ila mkunjo wa juu ushaanza kuwa mweupe na kupasuka, nimeubandika tepu. Muuzaji nimempigia mara tatu. Anasema yuko njiani.