arXiv kwa msomaji aliye Kigoma: tathmini baada ya miaka miwili ya matumizi

Nafundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Kigoma, na kwa miaka miwili sasa asubuhi zangu nyingi huanza kwa kufungua arXiv kwenye simu kabla sijawasha jiko. Ni hifadhi ya makala za utafiti ambazo watafiti wenyewe huzipakia, mara nyingi kabla hazijatoka katika jarida lolote, na mtu yeyote huzisoma bila kulipa na bila kujisajili. Jina lake hutamkwa kama neno la Kiingereza "archive", lenye maana ya hifadhi ya nyaraka, kwa kuwa ile X ya katikati husimama badala ya herufi ya Kigiriki iitwayo chi. Mwanafizikia Paul Ginsparg aliianzisha mwaka 1991 akiwa katika maabara ya Los Alamos, Marekani, ili wanafizikia wachache wa fani yake wapelekeane miswada kwa haraka. Mwaka 2001 ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell. Leo ina makala zaidi ya milioni 2 za fizikia, hisabati, sayansi ya kompyuta, takwimu na fani nyingine kadhaa.

Kwa mtu wa huku, umuhimu wake hauhitaji maelezo marefu. Makala moja tu ya jarida la kitaaluma huweza kuuzwa dola 30 au zaidi, na kutoka kwetu hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Orodha ya makala mpya, kwa upande mwingine, hutolewa saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, ambayo kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi ilhali saa zetu ni zile zile za pwani, kwa hiyo jua letu huchelewa. Saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza, wavuvi wa Kibirizi ndio kwanza wanashusha dagaa, na orodha ya siku iko tayari inanisubiri.

Orodha hiyo ni maandishi matupu, bila picha wala matangazo, hivyo haili kifurushi. Kila makala ina ukurasa wake wenye kichwa, majina ya waandishi na ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa makala, na ikisiri hiyo peke yake mara nyingi hutosha kuamua kama nipakue faili zima au niache. Hapo ndipo msomaji wa bando dogo anapopaswa kuwa na nidhamu, kwa sababu makala zenye michoro mingi huwa nzito. Tangu Desemba 2023 makala nyingi mpya zina pia toleo linalofunguka kama ukurasa wa kawaida wa mtandao, na maandishi yake hujipanga kufuata upana wa kioo cha simu. Kwa macho yangu, hayo ndiyo maboresho yenye manufaa makubwa kuliko yote niliyoyaona.

Kilichonifanya niithamini huduma hii kwa dhati ni makala iliyopakiwa Machi 2023 na David Smith, Joseph Samuel Myers, Craig Kaplan na Chaim Goodman-Strauss. Smith si mhadhiri. Ni fundi mstaafu wa uchapaji kutoka Uingereza anayependa kuchezea maumbo. Swali walilolijibu lilikuwa limekaa zaidi ya nusu karne: je, lipo umbo moja la kigae linaloweza kufunika sakafu isiyo na mwisho, bila kuacha upenyo na bila vigae kupandana, lakini kwa namna ambayo mpangilio wake hauwezi kamwe kujirudia kama unavyojirudia ule wa marumaru za sebuleni? Mwaka 1966 Robert Berger alikuwa amefanikiwa kwa kutumia aina zaidi ya 20,000 za vigae, na katika miaka ya 1970 Roger Penrose akazipunguza hadi mbili. Hawa wanne wakaleta umbo moja, lenye pande 13, wakaliita kofia.

Makala hiyo ina kurasa zinazokaribia 90, na sehemu kubwa ya uthibitisho wake imenizidi kimo. Umbo lenyewe, hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu hulichora kwa rula na penseli. Huchora pembesita zilizoshikana kama masega ya nyuki, kisha katika kila pembesita huvuta mistari kutoka katikati hadi nusu ya kila upande, na kupata vipande 6 vyenye umbo la kishada. Vipande 8 vya namna hiyo, vikiunganishwa kwa utaratibu unaoonekana kwenye mchoro, ndiyo kofia. Nilichapisha ukurasa mmoja wa michoro steshenari, na darasa likakata kofia kutoka kwenye maboksi ya sabuni, kisha tukaunganisha madawati manne na kuanza kuzipanga. Boksi la sabuni lina upande wenye chapa na upande wa kaki. Haikuchukua muda wanafunzi wakagundua kwamba kofia zikipangwa zote zikiwa zimeelekeza chapa juu, mahali fulani panakataa, na kwamba panakubali tu mtu akiigeuza moja ionyeshe kaki. Makala inasema hivyo hivyo: kwa kila kofia moja iliyogeuzwa kuna karibu 7 ambazo hazikugeuzwa. Sisi tuliliona jambo hilo kwa rangi, kaki moja moja katikati ya chapa za sabuni.

Ndipo binti mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa marumaru, akasimama. "Mwalimu, fundi hawezi kulaza kigae kifudifudi. Sasa hicho ni kigae kimoja au ni viwili?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Jioni nilirudi kwenye hifadhi, nikagusa majina ya waandishi, na orodha ya kazi zao ikafunguka. Mwishoni mwa Mei 2023, yaani miezi miwili na siku chache tu baada ya makala ya kwanza, wanne hao hao walikuwa wamepakia nyingine inayojibu swali hilo hasa: umbo jipya, waliloliita mzuka, ambalo kingo zake zikipindwa haliwezi kabisa kuchanganywa na taswira yake ya kwenye kioo, na ambalo hufunika sakafu bila kujirudia na bila kigae hata kimoja kugeuzwa. Kesho yake nilimwambia binti yule kwamba swali lake ni swali halali la kitaalamu, na nikamwonyesha tarehe.

Tarehe, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya huduma hii. Namba ya makala ya kofia ni 2303.10798, na tarakimu 4 za mwanzo humwambia msomaji mwaka na mwezi. Mwandishi akirekebisha kazi yake, toleo jipya hupewa alama ya pili, ya tatu na kuendelea, lakini matoleo ya awali hubaki pale pale yakisomeka; hata makala ikiondolewa na mwenyewe kwa sababu ya kosa, matoleo yake yaliyotangulia hayafichwi. Darasani huwa nawakataza wanafunzi kutumia ufutio wanapokosea hesabu. Wapige mstari mmoja, waendelee chini yake, ili njia ionekane. Sikuwahi kupata mfano mzuri wa agizo hilo kutoka kwa wanasayansi wenyewe mpaka nilipoanza kufungua toleo la kwanza na la tatu la makala moja na kuyalinganisha.

Uhuru huo una gharama ambayo msomaji mgeni lazima aijue tangu siku ya kwanza. Makala hazipitiwi na wahakiki kama ilivyo katika majarida. Wapo wasimamizi wanaokagua kama kazi inahusu sayansi na kama imewekwa katika kundi linalofaa, basi. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walipakia makala wakidai kwamba kitu walichokitengeneza, LK-99, hupitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida la chumba. Habari ikazunguka dunia. Ndani ya wiki chache maabara nyingine zikaonyesha kwamba dai halisimami, na kwamba ule mshuko wa ghafla wa ukinzani ulitokana na salfaidi ya shaba iliyokuwa imebaki ndani yake kama uchafu; baadhi ya majibu hayo yalipakiwa katika hifadhi hiyo hiyo. Lakini kutokuwamo katika jarida si dalili ya uongo pia. Mwanahisabati Mrusi Grigori Perelman aliweka humo makala 3 kati ya Novemba 2002 na Julai 2003 zilizothibitisha dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati kuhusu maumbo, hakuzipeleka katika jarida lolote, na wataalamu walipozikagua kwa miaka kadhaa wakakubali kwamba yuko sahihi. Msomaji atazame nani wengine wamelijadili dai, na muda umepita kiasi gani.

Upungufu mwingine nautaja kwa ufupi. Makala mpya sasa huzidi 20,000 kwa mwezi, na makundi ya akili bandia yamefurika kiasi kwamba kuyasoma yote ni kazi isiyowezekana. Mwandishi mpya, hasa asiye na chuo, huhitaji kuidhinishwa na mtu ambaye tayari amechapisha katika fani hiyo. Naelewa sababu yake, ila ni mlango mwembamba kwa mwalimu wa mkoani. Tena karibu kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi hutafsiri ikisiri moja kila Ijumaa na kuiandika ubaoni kwa Kiswahili, na kutafuta neno linalofaa huchukua muda mrefu kuliko kuelewa hesabu yenyewe.

Kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, napendekeza asianze na orodha kuu. Aanze na kundi la elimu ya fizikia, physics.ed-ph, na lile la historia na maelezo ya jumla ya hisabati, math.HO, ambamo makala nyingi zinasomeka kwa elimu ya shahada ya kwanza. Asome ikisiri 10 kabla ya kupakua faili moja, apakue akiwa mahali penye mtandao imara, na makala anayoipenda airudie baada ya miezi michache kuangalia kama kuna toleo jipya.