Sindano au kisu: kipi kinaitambua limfoma adimu?

Tezi ikivimba shingoni bila kuuma na isinywee kwa wiki kadhaa, sindano nyembamba ndiyo hukimbiliwa: dakika chache tu, bila mshono. Kwa kifua kikuu, au saratani iliyotoka kwingine ikaingia kwenye tezi, mara nyingi inatosha. Kwa limfoma adimu (limfoma ni saratani ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu), naiona haitoshi.

Chukua ile limfoma ya Hodgkin ya vinundu yenye limfosaiti nyingi, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya Hodgkin zote. Seli zake za saratani, zenye umbo la bisi, ni chache mno, zimetawanyika katikati ya limfosaiti ndogo zisizo na saratani. Sindano hufyonza seli zikiwa vurugu. Inaweza kuzikosa kabisa, na mpangilio wa vinundu hupotea. Tezi ikitolewa nzima kwa upasuaji mdogo, mtaalamu wa patholojia huviona vinundu vyenyewe kwenye hadubini, kisha hupima kwa kingamwili zenye rangi: seli hizo za saratani kwa kawaida hushika rangi ya CD20, wala si ya CD30, ambazo ni protini za juu ya seli. Akikosea hapa, mgonjwa huweza kupewa tiba isiyo yake.

Kovu lipo, kweli. Sindano nene, inayokata kipande cha nyama, naiachia tezi zilizojificha tumboni au kifuani.