TAHADHARI: Miche ya "kaliandra" isiyochipua ukiikata

Ndugu zangu mnaopanda miti ya malisho na kuni, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Mwaka juzi nilinunua miche 200 ya kaliandra kwa muuzaji wa kwenye simu. Picha safi, maneno matamu, ukiuliza swali unajibiwa hapo hapo. Alitaka nusu ya malipo mbele, nusu mzigo ukifika. Ukafika kweli, miche imenawiri, kila mmoja ndani ya kiriba chake. Nikammalizia pesa yake na asante nikampa.

Ujanja wote uko hapo. Mche wa mti wa kukata huwezi kuujua siku ya kuununua. Kaliandra hukatwa mara ya kwanza ikiwa na miezi 9 hadi 12, na kabla ya kuukata hujui kama mti wako utachipua. Muuzaji anakuwa na karibu mwaka mzima wa kubadilisha laini.

Mimi nilifuata taratibu zote. Nilipanda kwenye ukingo wa shamba, nusu mita kati ya mche na mche, nikapalilia, nikazuia mbuzi wasiguse. Ilipofika kiunoni na kupita, mvua zikiwa zinaendelea, nikaikata usawa wa mita moja hivi kwa panga lililonolewa vizuri. Majani nikawapelekea ng'ombe. Wakanusa, wakachambua kidogo, wakageuza vichwa. Nikasema watazoea. Wiki ya tatu nikapita kuangalia visiki: vikavu. Ganda limesinyaa, ukilikwaruza kwa ukucha ndani ni kahawia, hakuna kijani. Kati ya miti niliyoikata ni kumi na mmoja tu iliyotoa vichipukizi, navyo vya kujikongoja.

Nilidhani kosa ni langu. Mpaka michache niliyoiacha pembeni bila kukata ilipotoa maua: vijidonge vya manjano hafifu. Kaliandra halisi maua yake ni mashada ya nyuzi nyekundu, kama brashi. Niliuziwa miwati! Huo ni mti wa magome ya kutengenezea ngozi. Kuni zake ni nzuri, sibishi, lakini majani yana tanini nyingi, ile kemikali yenye ladha kali, na kisiki chake hakichipui vizuri. Tena unasambaa vibaya, na mbegu zake hukaa ardhini miaka na miaka zikisubiri. Hadi leo nang'oa vijimche ambavyo sikuvipanda.

Mkitaka kutofautisha kaliandra na miwati ingali midogo, msiangalie umbo la jani, maana yote mawili yamechanwa kama unyoya. Shika jani lililokomaa kidogo, pitisha kidole juu ya uti wake wa kati. Miwati ina vivimbe vidogo, kama vichwa vya pini, vimejipanga bila mpangilio. Kaliandra ni laini, haina.

Lakini kipimo ninachokiamini sasa ni kimoja: mwambie muuzaji akuonyeshe kisiki. Mwenye kitalu cha kweli ana miti mama, na miti mama huwa imekatwa mara nyingi, ina vichwa vyenye manundu na fimbo mpya zimejaa. Aliye na picha za miche peke yake, mwache. Na ukifika kitaluni, chana kiriba kimoja uone mizizi. Mzizi mkuu ukiwa umejizungusha chini kama waya, mche huo umekaa humo mno, hata ukiwa wa aina sahihi utakusumbua.

Kuna na maneno yao mengine. "Mti mmoja, kata kila mwezi, malisho na kuni." Hesabu haiji. Ukikata kaliandra kila wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua unapata majani mengi na vijiti vya kuwashia moto tu. Ukitaka kuni za kupikia, lazima uache mashina yanenepe mwaka au zaidi, na hapo majani unayakosa. Mimi ningetenga mistari: huu wa ng'ombe, ule wa jiko. Mtu pia asikudanganye kwamba miti hamsini inatosha ng'ombe wa maziwa. Kumlisha mmoja mwaka mzima unahitaji kama 500.

Huyu muuzaji wangu alikuwa anauza na lusina, mti mwingine wa malisho, akisema ni ya mifugo yote, "hata punda na sungura". Hilo ni hatari kuliko hasara yangu. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, na mnyama asiyecheua akiila sana hunyonyoka manyoya. Hata ng'ombe na mbuzi usiwapitishe theluthi moja ya chakula chao.

Pesa sikurudishiwa. Wiki iliyopita nimeona tangazo lenye namba mpya na jina jipya la mti, "kaliandra chotara", ila picha ni zile zile, ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo ipo nyuma ya miche. Nikamwandikia kwa upole: kaka, naomba picha ya kisiki kilichokatwa kikachipua. Ameisoma. Amenifungia.