TAHADHARI: hizi pakeji za "Guangzhou siku 5" zinazozunguka WhatsApp, soma kabla hujatuma hela

Wakuu, hii ni kwa yeyote anayepanga kwenda Guangzhou, China, siku chache, iwe kufuata mzigo au kutembea tu. Kuna jamaa anauza pakeji WhatsApp na Instagram, kila kitu ndani kwa milioni 3 na laki 2: tiketi kwenda na kurudi, viza, hoteli usiku 5, barua ya mwaliko wa Canton Fair (yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou) na eti meli ya usiku kwenye mto Pearl kama zawadi. Jirani yangu wa fremu hapa Kariakoo, mama anayeuza viatu na nguo za watoto, kalizwa Oktoba milioni 2 na ushee. Na si mtu wa kuchezewa, ana miaka anaagiza mzigo kwa kilo, ila hajawahi kupanda ndege kwenda kuufuata mwenyewe. Kaniruhusu nieleze, jina lake silitaji, na la jamaa silitaji pia kwa sababu kesi ishafunguliwa polisi, namba ya RB tunayo.

Tangazo lenyewe tu lilitosha kumshtukia huyo jamaa. Limeandikwa karibu Guangzhou, halafu mnara uliopo pichani ni ule wa Shanghai wenye mipira ya rangi ya waridi, Oriental Pearl, uko kando ya mto Huangpu huko. Nadhani kaona neno Pearl akajua ndio penyewe. Mnara wa Guangzhou ni Canton Tower, mita 600, mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, ukiuona mara moja huusahau. Sasa mtu anakwambia anapeleka watu kila mwezi halafu hajui mnara wa mji anaowapeleka?

Twende kwenye barua ya mwaliko, hiyo anaiuza laki 3 peke yake. Jamani. Mwaliko wa Canton Fair mnunuzi wa kutoka nje anaupata BURE, unaingia tovuti ya maonesho yenyewe, unajaza taarifa zako na za biashara, unaprinti, kwisha. Maonesho yapo tangu 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka pale Pazhou kusini mwa mto, wanachotaka wao ni wanunuzi wafike. Na hapo hapo kuna kituko kingine, alimpangia mama tarehe 15 mpaka 19 Oktoba. Hiyo ni awamu ya kwanza, mashine, vifaa vya umeme, magari na vitu vya hadiwea. Nguo, viatu na vitu vya watoto ni awamu ya tatu, 31 Oktoba mpaka 4 Novemba, na kwa ile ya mwanzo wa mwaka ni tarehe 1 mpaka 5 Mei. Yaani hata kila kitu kingekuwa cha kweli mama angefika akazunguka kwenye majenereta siku zote tano.

Kusema ukweli mtu wa fremu moja wala maonesho hayamhusu sana, pale unaongea na viwanda na viwanda vinataka uagize kwa wingi. Ukitaka dazeni zako chache unaenda masoko ya jumla ambayo yapo mwaka mzima, viatu na nguo mtaa wa Zhanxi karibu na stesheni ya treni, Baima pale pale jirani, mabegi na ngozi Sanyuanli, nguo za watoto Zhongshan Ba. Hakuna mwaliko wa kuingia humo, ni miguu yako tu na kikokotoo. Huyu jamaa hilo hawezi kukwambia maana atauza nini?

Viza ndipo alipomalizia. Kwanza alichukua laki 8 ya kushika nafasi, halafu milioni moja na kitu ya viza, wiki zikapita, kila siku "iko ubalozini dada, kuwa na subira". Mama alipoanza kuwa mkali akamwambia viza haihitajiki tena, China siku hizi wana transit, yaani ruhusa ya kupita tu, ya masaa 240, unaingia Guangzhou siku 10 bila viza. Hapo ndipo mama akanijia na simu yake mkononi kuniuliza kama ni kweli. Sikilizeni, hiyo transit ipo kweli na Guangzhou imo, ila ni kwa nchi hamsini na kitu walizoziorodhesha na Tanzania haimo, Kenya haimo, halafu hata hao walioorodheshwa lazima wawe na tiketi ya kuendelea nchi ya tatu, sio kwenda na kurudi Dar. Ukitokea kaunta ya ndege na pasi ya Tanzania na hadithi ya transit unarudishwa nyumbani na mabegi yako. Mfanyabiashara anaomba viza ya M, na ule mwaliko wa bure ndio unaoambatanisha kwenye maombi.

Alipobanwa akaja na Hong Kong. Ni kweli Mtanzania Hong Kong anaingia bila viza, ila Hong Kong na China bara ni uhamiaji mbalimbali, ukifika mpakani Shenzhen wanataka viza ya China kama kawaida. Na wenye viza zao halali msijisahau hapa, kama ni ya kuingia mara moja halafu ukapanda treni ya saa moja hivi kwenda kushangaa Hong Kong, viza imeshatumika, hurudi Guangzhou.

Tiketi nayo alituma karatasi nzuri ina nembo ya shirika na zile herufi sita za bukingi. Hiyo sio tiketi. Mtu yeyote mwenye mfumo wa kukata tiketi anaweza kushika nafasi bila kulipa, muda ukiisha inafutika yenyewe. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, Kenya Airways 706, Ethiopian 071, wengine wana zao. Ingia tovuti ya shirika weka herufi sita na jina la ukoo, ukiona safari bila namba ya tiketi usitume hata mia. Hoteli ni mchezo huo huo, anabuku ile ya kufuta bure, anakutumia uthibitisho, kesho anafuta. Iandikie hoteli moja kwa moja uwaulize kama jina lako lipo, hasa msimu wa maonesho maana bei zinapaa na vyumba vinajaa.

Wapo na wa upande wa pili kule kule Guangzhou, wanakupokea uwanja wa ndege wa Baiyun kwa Kiswahili safi kabisa, "karibu kaka, nina chumba cha bei chee mtaa wa Xiaobei". Siwasemi wote, wapo wanaosaidia watu sana. Ila hoteli inakusajili polisi yenyewe, kwenye apatimenti ya mtu unatakiwa ujisajili polisi ndani ya masaa 24, na usipofanya hivyo faini inaweza kufika yuan 2,000. Huyo mwenye chumba hilo halisemi kwa sababu chumba chenyewe hakitakiwi kujulikana. Hela usibadilishe mtaani, noti bandia za yuan 100 zipo, na kuna madereva wa teksi wanapokea noti yako nzima wanakurudishia mbovu wanasema ndiyo uliyowapa. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay kabla hujaondoka, inakubali za nje siku hizi. Meli ya usiku tiketi ziko magatini, Dashatou, Tianzi na pale chini ya mnara, sio zawadi ya mtu, na kama unataka kuuona mto tu panda vivuko vya kawaida vya mji, ni yuan chache.

Jingine la huyu jamaa, hela zote zinaenda namba ya mtu binafsi, na majina yanabadilika, laki 8 ilienda kwa jina la kiume, ya viza kwa jina la kike. Ukimuomba lipa namba anasema "mfumo uko chini". Jina la kampuni lililo kwenye tangazo tulilitafuta BRELA, kwa wasajili wa makampuni, halipo. Namba zote tumeshazituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli.

Sasa kaanza tena, tangazo la Aprili limeingia magrupu mawili ya Kariakoo juzi, picha ile ile ya Shanghai, kaongeza mji wa Yiwu na bei kashusha iwe milioni 2 na laki 9. Mwenye skrinshoti za miamala au sauti alizowahi kutumiwa anitumie inboksi, mpelelezi anasema tukiwa walalamikaji zaidi ya mmoja itamrahisishia kupata taarifa za hizo laini.