Kiroboto wa barafu na mnyoo wa barafu: nani anaiweza baridi zaidi?

Wote wawili ni weusi, wadogo, na makazi yao ni mito ya barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole milimani. Mnyoo, Mesenchytraeus solifugus, ni wa Amerika Kaskazini, toka Alaska hadi Oregon. Ana urefu wa sentimita moja au mbili hivi, na hujitokeza jioni kula mwani wa theluji, vimea vidogo sana vinavyoota juu ya theluji.

Kiroboto, Desoria saltans, ni wa milima ya Alps huko Ulaya, na hafikishi hata milimita 3. Tunamwita kiroboto, lakini damu hanyonyi. Anakula mwani, pamoja na chavua iliyopeperushwa na upepo. Mtazame kwa karibu: chini ya tumbo amekunja mkia wenye panda mbili, kama mtego uliotegwa. Akishtuka, mkia unafyatuka, unapiga barafu, naye huyo, karuka! Mnyoo hutambaa tu.

Tofauti kubwa imo mwilini. Kiroboto hutengeneza sukari zinazozuia majimaji yake kuganda, hivyo hustahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mnyoo anaishi palepale karibu na sifuri. Joto likipanda kidogo tu, mwili wake huanza kuyeyuka. Kwa baridi, mimi nampa ushindi kiroboto, ingawa joto linamuua yeye pia.