Bombastic: jarida lisilotegemea mastaa

Tuanze na bei: bure. Bombastic, jarida la wapenzi wa jinsia moja wa Uganda, halikutolewa liuzwe. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2014, nakala 15,000, zikagawiwa kwa mkono na watu wa kujitolea, na aliyekosa karatasi akaweza kusoma mtandaoni. Mwanzilishi wake ni Kasha Jacqueline Nabagesera, aliyepata Tuzo ya Martin Ennals mwaka 2011 kwa kazi yake ya kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja Uganda.

Ndani hukuti mahojiano ya msanii wala picha ya mwigizaji wa ng'ambo. Kuna ushuhuda, maoni na mashairi ya makuchu (ndivyo wapenzi wa jinsia moja wa Uganda wanavyojiita) wenyewe. Wanaandika mambo ya kufukuzwa nyumbani, kupoteza kazi na kuishi kwa kificho. Kampeni nyingi za haki hukimbilia sura inayojulikana na kila mtu. Hawa wamekwepa njia hiyo, na ukijua jarida hili linajibu nini utaona walikuwa na sababu.

Linajibu magazeti ya udaku. Oktoba 2010 gazeti la Kampala lililoitwa Rolling Stone (halina uhusiano na lile la Marekani) lilichapisha majina na picha za watu likihimiza wanyongwe. Kasha, David Kato na Pepe Julian Onziema walilishtaki, na Januari 2011 Mahakama Kuu ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni 1.5. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato aliuawa nyumbani kwake, wilayani Mukono. Kisha Februari 2014, siku moja tu baada ya Rais Museveni kutia saini Sheria Dhidi ya Ushoga ya 2014, gazeti la udaku la Red Pepper likatoa orodha yake ya "mashoga wakuu" 200. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo tarehe 1 Agosti kwa kuwa bunge lilipiga kura bila akidi, lakini orodha ya gazeti haifutiki. Bombastic limechukua silaha ya udaku, yaani karatasi na kichwa cha habari chenye kelele, na kuiweka mikononi mwa waliokuwa wakianikwa.

Je, staa asingewafikishia ujumbe kwa wepesi zaidi? Kwa idadi ya wasikilizaji, angewashinda mbali. Sensa ya 2014 ilihesabu Waganda milioni 34.6, gawanya kwa nakala 15,000, unapata nakala moja kwa watu 2,300 hivi. Wimbo mmoja ukipigwa redioni asubuhi unawapita kabla ya chai. Tatizo ni kile ambacho mastaa wamekuwa wakisema, na mahali wanaposemea.

Wa nje kwanza. Richard Branson alitangaza mwishoni mwa 2013 kwamba hawezi kuwekeza Uganda kwa sababu ya muswada ule, akawahimiza wengine wafanye hivyo. Mwaka huohuo BBC ilirusha kipindi ambamo Stephen Fry anabishana ana kwa ana na Simon Lokodo, waziri wa maadili wa wakati huo. Watazamaji wa London walishangilia. Huku kwetu mabishano ya namna hiyo ni zawadi kwa mwanasiasa, kwa kuwa hoja yake kuu ni kwamba haya mambo yameletwa na wazungu, na mzungu mwenyewe huyu hapa kwenye runinga. Sheria ilitiwa saini vilevile.

Wa ndani nao walivutia upande mwingine. Mchungaji Martin Ssempa, ambaye kwa umaarufu hapungui msanii yeyote, alionyesha picha za ngono kanisani mwaka 2010 ili kuwatia waumini kinyaa. Bobi Wine aliimba dhidi ya mashoga, na 2014 maonyesho yake Uingereza yakavunjika kwa sababu ya mashairi hayo. Alipogeukia siasa alilainisha lugha yake, lakini mistari ya zamani ilikuwa imeshakaririwa. Utafiti wa Afrobarometer wa 2014/2015 ulikuta Waganda 5 tu kati ya 100 wasiojali kuwa na jirani mpenzi wa jinsia moja. Katika hali hiyo staa wa Kampala anayetetea anahatarisha tiketi na matangazo yake. Anayeshambulia hapotezi kitu nyumbani.

Kwa hiyo chaguo la simulizi za watu wa kawaida lina akili. Huwezi kumwambia mwandishi kutoka mtaa unaoujua kwamba ametumwa na Branson.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kubwa ni lugha. Jarida ni la Kiingereza, basi limeishia kwa waliosoma. Malaba, Busia, Arua na kambini kwa askari, maongezi yanakwenda kwa Kiswahili. Vijijini Buganda ni Kiganda. Kurasa nne tu za Kiswahili chepesi zingefika pasipofikiwa na makala ndefu ya Kiingereza. Pili, maandishi yamebanana, yanamchosha msomaji wa kwenye teksi. Tatu, kuacha nakala mahali bila mwenyewe kuomba kunamtia hatarini asiye na habari: anayeikuta mlangoni hana namna ya kuwaeleza majirani kwamba hakuiagiza. Waandishi wanaojificha majina wanalindwa, sawa, ila msomaji mwenye shaka atasema habari imetungwa. Hilo la mwisho sioni dawa yake.

Ukitaka kulisoma leo, soma peke yako na usilisambaze kwenye kundi la WhatsApp. Sheria mpya dhidi ya ushoga ya 2023, kifungu cha 11, inaadhibu "kuendeleza ushoga" kwa kifungo cha hadi miaka 20. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta baadhi ya vifungu, kikiwemo kile cha kuwalazimisha watu kutoa taarifa polisi, lakini sehemu kubwa ya kifungu cha 11 imebaki. Kampuni ikipatikana na hatia inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni moja, au leseni yake isimamishwe miaka kumi. Mchapaji wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, atakuchapia kadi za harusi, kalenda na mabango ya uchaguzi wa chama chochote. Jarida hili atalirudisha kaunta kabla hujamaliza kuuliza bei.